Jengo na Nyumba: Picha za Usanifu wa Kisasa na Historia ya Makazi katika Handeni na Korogwe



1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu upigaji picha wa majengo ya kisasa, jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaweza kuonekana liko nje ya mipaka ya taaluma za Kiswahili. Duniani leo fani hii ina mabingwa wake, majarida yake na tuzo zake. Jengo la ajabu likikamilika, msanifu humwita mpigapicha, mara nyingi kabla ya watu kuhamia, na kuanzia hapo watu wengi zaidi hulijua jengo hilo kwa picha kuliko kwa kuingia mlangoni. Julius Shulman alizifanya nyumba za California za katikati ya karne ya 20 zijulikane ulimwengu mzima. Katika zama zetu Mholanzi Iwan Baan amezunguka mabara mbalimbali akipiga picha za majengo mapya, na amejulikana kwa kuwaacha watu waonekane katika picha hizo badala ya kusubiri waondoke.

Hoja yangu ni hii. Picha ya usanifu hulipatia jengo mambo matatu: jina, tarehe na mbunifu. Nyumba ambayo haikupigwa picha kwa namna hiyo, hata ikiwa imejengwa mwaka uleule, hukosa yote matatu, na hatimaye huitwa nyumba ya asili, kana kwamba iliota yenyewe kama uyoga. Nitatumia mfano wa Handeni na Korogwe kuonyesha kwamba mgawanyo huu umekwenda sambamba, kwa zaidi ya karne moja, na maamuzi mazito kuhusu nani atozwe kodi, nani ahamishwe na makazi ya nani yahesabiwe kuwa duni. Aidha, nitaonyesha kwamba lugha imezitunzia nyumba hizo zilizosahauliwa sehemu ya tarehe ambazo picha ziliwanyima wajenzi wake.

2. Maneno yenyewe

Hatuna budi kuanza na maneno. Kiswahili kina jengo na kina nyumba, na maneno haya mawili si mapacha. Jengo limetokana na kitenzi jenga. Linatuelekeza kwenye kazi iliyofanyika na kitu kilichosimama. Nyumba ni neno la kale, lenye ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu, na maana yake huvuka kuta. Tunaposema fulani ametoka nyumba njema, hatuzungumzii saruji. Tunaposema mwenye nyumba, tunataja mamlaka na wajibu. Kwa hiyo inawezekana kulipiga picha jengo na kulimaliza lote, pande zote nne na paa. Nyumba haimaliziki hivyo, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni mahusiano ya watu.

Neno la tatu ni kisasa. Umbo lake liko wazi: ni namna ya sasa. Kwa kuwa sasa haisimami mahali pamoja, maana ya nyumba ya kisasa imekuwa ikihama. Kulikuwa na wakati ambapo nyumba ya pembe nne ilikuwa jambo jipya mahali palipozoea msonge. Baadaye upya ukahamia kwenye bati, kisha kwenye tofali la kuchoma na la saruji. Leo mafundi wa mijini hutofautisha bati la kawaida na la msauzi, na nyumba yenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta huitwa kontemporari. Neno ambalo kwa wasanifu wa dunia lina maana ya usanifu wote wa wakati huu, kwa fundi wa Kitanzania limekuwa jina la aina moja ya paa. Tusilicheke. Fundi huyo amefanya jambo ambalo picha nyingi hazifanyi: amekipa kitu cha leo jina lake mahususi.

3. Stesheni, boma na kibanda

Korogwe iko kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara. Handeni iko kusini yake, katika nchi ya Wazigua. Kabla ya ukoloni eneo hili lilipitiwa na misafara iliyotoka Pangani na bandari nyingine za pwani. Mazinde, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Korogwe, ilikuwa makao ya Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliyeteremka kutoka milimani ili awe karibu na biashara ya njia hiyo. Nyumba ya pembe nne ya pwani, yenye paa la mgongo na baraza mbele, ilisambaa kufuata njia za misafara. Nyumba hiyo ilikuwa na historia inayoweza kufuatiliwa. Ilikuja na watu na bidhaa, pamoja na dini na mtindo mpya wa kupokea mgeni.

Maandishi ya Kiswahili ya wakati huo yalijua kutunza habari za namna hii. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichochapwa sehemu kwa sehemu na wamisionari wa UMCA kati ya mwaka 1895 na 1907, kinasimulia ukoo uliotoka Nguu na kutawala Usambara. Humo mji ni watu wake: nani alikaa hapo, alimrithi nani, aligombana na nani. Hakuna picha hata moja inayohitajika ili msomaji ajue kwamba Vuga ulikuwa mji wenye zamani zake.

Kamera ilipofika ilileta utaratibu mwingine. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893; reli ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Stesheni, madaraja, maboma ya serikali, makanisa na viwanda vya mkonge vilikuwa ndiyo usanifu wa kisasa wa wakati ule, na vilipigwa picha kwa fahari. Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam, alipiga picha katika koloni la Wajerumani tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Picha zake zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani. Hifadhi hiyo ilipotoa hadharani picha zake zaidi ya 80,000 mwaka 2008, nyingi za Dobbertin zilikuwemo. Kwa mwanafunzi wa Tanzania hii ni hazina, na anaweza kuifikia kwa simu.

Hata hivyo, hazina hii ina upogo wake. Katika makusanyo ya picha za kikoloni, stesheni hutambulishwa kwa jina la mahali na mara nyingi kwa mwaka. Nyumba ya mwananchi hutambulishwa kwa kabila: kibanda cha Wasambaa, kijiji cha Wazigua. Aliyeijenga hatajwi, wala mwaka alioijenga, wala sababu ya kuijenga pale. Picha mbili zilizopigwa kwa kamera moja katika juma moja huishia katika nyakati mbili tofauti: moja katika historia, nyingine katika desturi.

Nyumba hiyohiyo isiyo na tarehe katika picha ilihesabiwa kwa makini sana katika daftari la kodi. Kodi ya nyumba iliamriwa mwaka 1897 na kuanza kutozwa mwaka uliofuata. Dola lilijua vizuri idadi ya vibanda; lisichokuwa na haja ya kukijua ni habari zake. Neno boma lenyewe limebeba kumbukumbu ya mageuzi hayo. Awali lilikuwa ua wa kujihami, wa miti au wa miiba, uliozunguka watu au mifugo. Baada ya Wajerumani kujenga ngome za utawala, mojawapo ikiwa ya Handeni, boma likawa serikali yenyewe, na kwenda bomani kukawa kuitwa, kushtakiwa au kulipa. Kilichokuwa kinga ya wanakijiji kikawa mahali pa kuwaita.

Vivyo hivyo jina Majengo, ambalo ni jina la kata mojawapo ya Korogwe na la mitaa mingi ya miji ya Afrika ya Mashariki kuanzia Moshi hadi Nairobi. Mtaa unaoitwa Majengo haukuanza bila tarehe. Jina linakiri kwamba palikuwa na wakati wa kujenga na kwamba waliojenga walionekana na majirani zao wakifanya jambo jipya. Hapo lugha imeandika maelezo ambayo kamera iliyaacha.

4. Safu za nyumba, 1968 hadi 1976

Baada ya uhuru, Handeni ikawa mojawapo ya maeneo ya mwanzo ambako sera ya ujamaa vijijini ilitekelezwa kwa nguvu, kuanzia mwaka 1968. Utafiti wa Michaela von Freyhold kuhusu vijiji vya ujamaa vya Mkoa wa Tanga, uliotolewa mwaka 1979, umebaki kuwa rejea muhimu. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamia katika vijiji vilivyopangwa.

Kijiji kipya kilikuwa na umbo linalopendwa na kamera: safu zilizonyooka, nyumba zinazofanana, barabara katikati. Ukilitazama umbo hilo kwa mbali unaona mpango. Picha haiwezi kuonyesha umbali mpya kati ya nyumba na shamba la zamani, wala mti wa matunda ulioachwa, wala kaburi lililobaki kule lilikokuwa. Wazigua waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika walikuwa na sababu zao, zikiwamo maji, udongo, wanyama waharibifu na kumbukumbu ya njaa. Sababu hizo zilikuwa elimu, lakini hazikuwa na umbo la kupigwa picha.

Si haki kusema kwamba viongozi wa wakati ule hawakuliona tatizo la kupenda mwonekano. Katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, Mwalimu Nyerere mwenyewe alilaumu mapenzi ya kupita kiasi kwa saruji na bati. Alieleza kuwa ni namna ya kupooza kwa akili, kwa vile watu walikuwa tayari kungoja saruji, kana kwamba ni udongo bora kwa kuwa una sifa ya Ulaya, huku wakiukataa udongo wao ambao ungeweza kufinyangwa na kuchomwa ukawa tofali na kigae. Lawama hiyo ina uzito wake. Lakini mwananchi aliyetamani bati alikuwa na jibu lake pia: bati halifumuliwi na upepo kila baada ya misimu michache, haliwaki kama nyasi, na mama hahitaji kwenda kukata nyasi mbali kila linapovuja. Usasa kwake ulikuwa kupunguziwa kazi. Tunapodharau paa la bati katika picha kwa kuwa linaharibu mandhari, tunasahau kuuliza nani alikuwa akiezeka.

5. Mianzi ya Magoda, safu za Msomera

Mifano miwili ya karibuni inaonyesha kwamba suala hili halijapita.

Wa kwanza ni Magoda, kijiji cha mkoa huohuo wa Tanga. Kuanzia mwaka 2014 wasanifu wa Kidenmark wakishirikiana na watafiti wa afya walijenga huko nyumba chache za majaribio, zilizoinuliwa juu ya ardhi, zenye kuta za mbao, mianzi au wavu wa kivuli, nyingine za ghorofa moja juu. Wazo lilitokana na nyumba za Kusini Mashariki mwa Asia: hewa ipite, joto lipungue, mbu asiingie. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa ya kutia moyo. Mbu walioingia katika nyumba za ghorofa walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kulinganisha na nyumba za kawaida za kijiji, na joto la ndani lilikuwa pungufu kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi. Kazi hiyo ilifungua njia kwa mradi mkubwa zaidi wa nyumba 110 mkoani Mtwara.

Picha za Magoda zimesafiri duniani na zinastahili. Nyumba hizo ni nzuri, na nia yake ni kuokoa watoto. Hata hivyo, tuangalie utaratibu wa fani yenyewe. Kwa kawaida picha za aina hii huambatana na jina la ofisi ya usanifu, la mpigapicha, na mwaka. Nyumba ya udongo ya jirani, inayotumika kama kipimo cha ulinganisho, huingia katika maelezo kama nyumba ya jadi. Lakini nyumba hiyo ya jadi inaweza kuwa imejengwa mwaka 2010, kwa misumari ya dukani, mlango wa seremala wa mjini na bati la kiwandani. Ina mbunifu wake na ina tarehe yake. Ni nyumba ya wakati wetu kwa kiwango kilekile, na kasoro zake za kiafya ni kasoro za wakati wetu pia: zinatokana na kipato, bei ya vifaa na ukosefu wa mikopo. Tukiiita ya jadi, tunamtupia lawama babu wa mwenye nyumba, na uchumi wa leo unasalimika.

Mfano wa pili ni Msomera, wilayani Handeni. Kuanzia Juni 2022 serikali ilianza kuwapokea huko wakazi waliohama kutoka Ngorongoro, wengi wao Wamaasai. Nyumba za vyumba vitatu vya kulala, za matofali na bati, zinazofanana na kupangwa kwa safu, zilipigwa picha kwa ndege zisizo na rubani na kuonyeshwa kwa wingi. Serikali ilisema kuhama ni kwa hiari na kwamba huduma ni bora. Mashirika ya haki za binadamu yalipinga hiari hiyo na kuuliza pia haki za wenyeji waliokuwa wakitumia ardhi ya Msomera. Mhadhara huu hauwezi kuutatua mgogoro huo. Unaweza kuuliza swali moja la lugha: katika picha zile, nyumba moja ni nyumba ya nani?

Katika boma la Wamaasai, mke hujenga nyumba yake, naye ndiye mwenyewe. Familia moja yenye wake watatu ina nyumba tatu ndani ya ua mmoja. Jengo moja la vyumba vitatu, likitolewa kwa mkuu wa kaya, linaweza kuwa kubwa na imara kuliko zote tatu, na bado likawa limepunguza nyumba mbili. Picha ya angani huhesabu mapaa, na katika hesabu hiyo mwanamke aliyekuwa mjenzi na mwenye nyumba hana nafasi. Aliyeona safu za mwaka 1973 hawezi kuzitazama safu za mwaka 2022 bila kukumbuka kwamba wilaya hii imewahi kupigwa picha kwa namna hiyo.

6. Picha inapoliacha jengo nyuma

Je, tukatae basi picha? Hasha. Beit el Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa jengo la kisasa la kushangaza kuliko mengi ya Afrika ya Mashariki, na wapigapicha wa studio za mjini, A. C. Gomes miongoni mwao, waliipiga mara nyingi. Kwa picha zenye tarehe tunajua kwamba mnara wenye saa ambao wengi wanaudhania kuwa wa asili uliongezwa baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Sehemu ya jengo hilo ilipoporomoka Desemba 2020, picha zikawa ushahidi wa lazima kwa warejeshaji.

Upo pia mfano wa kinyume. Shule iliyoelea juu ya maji huko Makoko, Lagos, iliyobuniwa na Kunlé Adeyemi na kupigwa picha na Iwan Baan, ilisifiwa dunia nzima baada ya mwaka 2013. Juni 2016 ilianguka kwa mvua kubwa. Picha zake bado zinang'aa, na asiyejua habari anaweza kudhani watoto wangali wanasoma humo. Kwa mintarafu hiyo, thamani ya picha hutegemea tarehe na maelezo. Picha isiyo na maelezo huendelea kusema leo hata kitu chenyewe kikiwa kimekuwa jana.

7. Hitimisho

Kiswahili kina neno zuri kwa maandishi yanayokaa chini ya picha: maelezo. Ndilo jina lililozoeleka pia la Idara ya Habari ya serikali yetu. Kueleza ni zaidi ya kutambulisha. Ni kumfanya mtu aelewe jambo lilivyokuwa. Hapo ndipo wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ambayo wasanifu na wapigapicha hawawezi kuifanya bila wao.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu majengo kwa mara ya kwanza nchini, ikapata zaidi ya milioni 14. Hesabu hiyo ni ya lazima kwa mipango. Lakini jengo lililohesabiwa bila kuelezwa linarudi katika hali ya kibanda cha daftari la kodi. Napendekeza kwamba kila mwanafunzi anayekwenda Handeni au Korogwe na simu yenye kamera aandike chini ya kila picha mambo matano: mahali, mwaka wa kujengwa, jina la fundi kama mwenyewe ameridhia litajwe, nyumba ilijengwa kwa sababu gani, na maneno ya sehemu zake katika Kizigua, Kisambaa au Kibondei pamoja na Kiswahili. Nguzo, fito, boriti, kipenu, kiambaza, kukandika: maneno haya yanaondoka pamoja na mikono inayoyatumia, na kamusi haiwezi kuyanasa yakishakuwa picha tupu.

Aifanye kazi hiyo pia kwa nyumba ya kontemporari yenye vioo, kwa safu za Msomera, kwa kambi za mkonge zilizobomoka na kwa nyumba ya udongo iliyokandikwa mwaka jana. Zote ni za wakati huu. Zikipata maelezo yaliyo sawa, itakuwa vigumu zaidi kwa mtu yeyote kuonyesha picha ya safu na kudai kwamba amekwisha kutuonyesha nyumba.